Lundo Lisilochunguliwa

Kijiwe chetu cha Gungu kipo pale njia inapoanza kuteremkia ziwani. Benchi lake ni ubao mrefu wa mtumbwi uliovunjika, umelazwa juu ya matofali, kwa hiyo mmoja akitikisika wote wanatikisika. Ijumaa hiyo alasiri ubao haukutulia. Upepo ulikuwa umegeuka, mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yanajikusanya upande wa Kongo, na Bonaventura alikuwa anatikisa goti kama mtu anayeshona kwa cherehani. Kijiweni anaitwa Baba Ndizi, maana hakuna anayemshinda kuvundika ndizi zikaiva sawasawa. Asumani muuza kahawa aliweka birika vizuri juu ya mkaa, akagonganisha vikombe, akamtazama.

— Baba Ndizi, utatuangusha. Kuna nini?

— Mama Honorata amenipa hadi Jumapili. Akitoka kanisani, lundo langu la taka likiwa bado linanuka, anaita kirikuu, kile kigari cha mizigo, libebwe likatupwe.

— Lote?

— Lote.

Hakuna aliyecheka. Mwaka ule ziwa lilipopanda, liliingia kwenye bustani ya Bonaventura kule Bangwe na halikutoka tena. Palipokuwa na matuta ya mboga sasa panaogelea bata. Yeye na mkewe Fébronie wakapanda Gungu, wakapanga kwa Mama Honorata, nyumba nzuri yenye ua wa changarawe tupu, ambao hata magugu yanauogopa. Tangu kiangazi kilipoanza, Bonaventura alikuwa anatengeneza udongo mwingine badala ya ule uliomezwa: maganda ya muhogo, maganda ya ndizi, majani, mabaki ya jikoni, vyote kwenye lundo nyuma ya nyumba. Asubuhi hiyo Fébronie alifungua fundo la kitenge chake, akaziangalia mbegu za mchicha, lengalenga kama wanavyoziita kwao, akayaangalia mawingu, akalifunga tena fundo. Hilo ndilo lililokuwa linalitikisa goti la mumewe.

— Sikilizeni, — alisema Bonaventura. — Nataka kitu kimoja tu. Lioze haraka liwe mboji, likome kunuka. Nifanyeje?

Usimuulize mtu wa kijiweni afanyeje kama huna nafasi ya kusikiliza. Wa kwanza kusogea mbele alikuwa Selestini, fundi wa mashine za boti, wanayemwita Injinia.

— Lundo ni mashine, kaka. Mashine baridi haiwaki. Chemsha maji ndoo nzima, mwagia. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake yakishaingia, yameingia, yanapiga kazi.

— Wahenga hawakumaanisha hivyo, — alisema Ndizeye.

— Wewe ulikuwepo?

Ndizeye ni seremala. Jina lake la kijiweni ni Redio, kwa sababu huanza kusema kabla hajawashwa.

— Injinia, utawapika wadudu wote. Dawa iko Kibirizi, kunakouzwa dagaa na migebuka. Jamani, samaki mmoja akioza?

— Huoza wote, — wakaitikia.

— Si ndiyo hiyo! Fomula tumepewa bure tangu shule ya msingi na hatuitumii. Tafuta mgebuka mmoja aliyeoza, chomeka katikati. Kesho asubuhi lundo lote chali.

— Mama wa watu analalamika harufu, wewe unaniletea mgebuka!

— Dawa ya moto ni moto.

Bonaventura alisimama, akakaa, ubao ukalia. Asumani akamimina kahawa taratibu, kama mtu mwenye siri.

— Nyinyi mnawasahau wafanyakazi, — alisema. — Minyoo. Mnyoo wa kawaida anapiga kazi mchana, usiku analala. Mpe machicha ya kahawa uone. Hafumbi jicho. Anaunganisha zamu.

— Mnyoo ana jicho la kufumba?

— Kwa kuwa hana, wewe huwezi kujua kama kalala. Ndiyo hasara unayoipata kila siku.

Bonaventura aliona hilo lina akili kidogo. Akaomba machicha.

— Yatoke wapi birika likiwa limejaa? — alisema Asumani. — Kunyweni kwanza.

Wakanywa. Wakanywa kwa ajili ya jirani, na kahawa ya Asumani ni kali, si ya kunywewa jirani. Baada ya muda goti la Injinia likaanza kutikisika, kisha la Redio, na ubao ukawa unaenda kama uko majini. Maneno nayo yakaongeza mwendo.

— Nimepata! — alisema Injinia. — Tunapitisha bomba la moshi la boti chini ya lundo. Mashine inanguruma usiku kucha, lundo linapata joto kama kitanda cha mgonjwa.

— Na wapangaji?

— Wapangaji watazoea. Mwenda pole hajikwai.

— Hiyo inahusu nini?

— Inahusu wapangaji.

— Tatizo si joto, — Redio alidakia. — Taka zenyewe zimetoka wapi? Muhogo wa Kasulu, ndizi za Manyovu. Zote za milimani. Zinaona aibu kuoza ugenini. Ziletewe udongo wa kwao hata kiganja kimoja, zijisikie nyumbani.

— Na minyoo waletwe kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, — aliongeza Asumani. — Wale wamezoea muziki hadi alfajiri. Kahawa utakuwa unawaongezea tu.

— Nyie mnacheka, mimi mbegu zimefungwa kwenye kitenge, — alisema Bonaventura.

— Hatucheki, baba. Tuko wengi hapa, na penye wengi hapaharibiki neno, — alisema Redio.

— Ndiyo maana haliozi! — alipiga kelele Bonaventura, na hapo wakacheka kweli, yeye pia.

Alipotulia akasema kwa sauti ya mtu anayejitetea mbele ya hakimu:

— Mimi sijakosea. Nimelifanyia vilevile kama ndizi. Nimefunika kwa turubai, nimebana pembe zote kwa mawe, na sijachungulia hata mara moja. Ndizi ukizichungulia kabla ya siku yake zinagoma, nyingine zinaiva, nyingine zinabaki ngumu kama kuni.

— Hapo umepatia, — alisema Injinia.

— Kabisa, — alisema Redio.

— Kuchungulia ni kukosa adabu, — alisema Asumani.

Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana wote alasiri hiyo.

Wakiwa katika kukubaliana huko, Mama Honorata akatokea njia ya sokoni, kikapu mkononi. Wote wakasimama kwa pamoja.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Mbona mnatetemeka? Mna homa?

— Kahawa, mama.

Akamgeukia Bonaventura. Hakuwa amekunja uso.

— Baba Ndizi, sikuja kugombana. Wapangaji wananilaumu, nami naishi nao. Lakini marehemu mume wangu alikuwa na lundo tulipokuwa Buzebazeba. Siku ya kuligeuza nilikuwa nafunga madirisha asubuhi, na nikifungua siku inayofuata, harufu imeshapungua. Kwa hiyo nakuuliza tu. Siku yako ya kuligeuza ni ipi, nami nifunge madirisha?

Bonaventura alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Redio. Redio alimtazama Asumani. Asumani aliinamisha birika juu ya kikombe. Likatoka tone moja, kisha machicha.

— Imekwisha, — alisema.

Bonaventura akaliona lundo lake akilini, limefungwa kama mgonjwa aliyefunikwa blanketi hadi puani, maji chini, hewa hakuna. Kazi yake ya maisha yote ilikuwa kukifikisha kitu mlangoni pa kuoza na kukizuia papo hapo, kisivuke. Ndiyo ndizi nzuri. Kumbe hata lundo alikuwa amelizuia mlangoni, tena kwa mawe.

— Leo, mama, — alisema. — Funga madirisha.

— Basi Jumapili nitapita na pua yangu kwanza. Kirikuu kitangoja.

Akatangulia. Bonaventura akamfuata bila kuaga, na ubao aliouacha ukatulia kidogo, kisha ukaanza kutikisika tena, maana kahawa ilikuwa bado miguuni mwa wengine.

— Mimi nina koleo, — alisema Injinia akiinuka.

— Mimi jembe, — alisema Redio.

— Ngojeni na machicha yangu! — alisema Asumani, akikung'uta birika ndani ya mfuko.

Walipoingia uani, madirisha ya Mama Honorata yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine. Fébronie alikuwa amesimama kando ya lundo. Aliwatazama wanaume wanne wanaotetemeka, akakaza fundo la kitenge lisifunguke, akainama kushika pembe ya turubai.

— Toa jiwe la upande wako, — alimwambia mumewe.