Merle Tregenza na Pointi Moja ya Fainali

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Merle Tregenza wa Boulder, hapa mjini kwetu Kalgoorlie. Alitutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka themanini na moja. Wengi wenu mlimwona bila kumjua jina. Ni yule mama wa miwani yenye kamba, aliyekaa kwenye meza ya kando ya uwanja wa mpira wa kikapu. Alikuwa mtunza takwimu wa klabu ya Tai. Kwa kujitolea. Miaka thelathini na sita, wasikilizaji, kwa kujitolea.

Hakuitafuta kazi ile. Mwaka 1988 Merle alikuwa mfua mashuka hospitalini. Jumamosi alimpeleka bintiye Jodie mazoezini, akabaki jukwaani anafuma sweta. Siku moja mzee Vic Radonich, mtunza takwimu wa wakati huo, alikosa msaidizi. Akamwendea.

"Mama, macho yako mazima?"

"Nafuma bila kutazama sindano. We unaonaje?"

"Basi njoo. Mimi naandika, wewe niambie nani kafanya nini."

Ilikuwa vurugu. Merle alipiga kelele, "Yule mwekundu kadaka! Yule mrefu kakosa!" Vic akatupa penseli. "Wote warefu, Merle! Namba! Nipe namba!" Mwishowe karatasi yao iliwapa Tai pointi tano zaidi ya ubao wa matokeo. Merle akakusanya nyuzi zake, aibu imemshika, akasema harudi tena.

Alirudi. Kila Jumapili aliweka kanda za mechi kwenye video, na mumewe, Colin, aliyekuwa mchimba madini, akashika kidude cha kusimamishia. Mzee Colin alituambia juzi, huku akicheka na kufuta macho: "Nasimamisha, nauliza, nani kadaka? Nikimshinda, anapika yeye. Kwa mwezi mmoja nilikula vizuri sana. Baada ya hapo nikawa mpishi mimi."

Vic alipostaafu, kiti kikawa cha Merle.

Sasa tuje kwenye fainali. Mwaka 1997. Tai wa kina mama dhidi ya wageni kutoka pwani. Nahodha wa Tai alikuwa Jodie, miaka ishirini. Bintiye Merle mwenyewe. Klabu haikuwa imewahi kuchukua kombe. Kengele ikalia, ubao ukasoma sabini na moja kwa sabini. Ukumbi ukalipuka. Wachezaji walimbeba Jodie juu juu.

Merle alikuwa ameinamia karatasi yake. Sabini kwa sabini. Akajumlisha tena, na tena. Sabini kwa sabini. Akaipata: robo ya pili, mtupo huru wa namba saba haukuingia, lakini meza ya matokeo iliuandika kama umeingia. Namba saba alikuwa Jodie.

Mwamuzi mkuu alikuwa na kalamu mkononi. Akishatia sahihi karatasi ya matokeo, basi, imekwisha. Merle akasimama.

"Ngoja, bwana mwamuzi. Tuna pointi moja isiyo yetu."

Jirani yake akamvuta sketi. "Merle! Una wazimu? Kaa chini!"

Hakukaa. Waamuzi wakatazama mkanda wa kamera ya wageni, waliokuwa wakirekodi mechi. Mpira ulikuwa umegonga chuma ukatoka. Sare. Zikaongezwa dakika tano. Tai wakafungwa kwa pointi nne.

Wasikilizaji wapendwa, mji ulinuna. Dukani Merle aliulizwa kama amekuja kuhesabu mayai ya watu. Hayo aliyavumilia. Lililomuuma lilikuwa nyumbani, maana Jodie aliacha kusema naye. Siku kumi na moja anapita jikoni kama mpangaji. Siku ya kumi na mbili mama yake yuko sinkini anaosha vyombo, Jodie akasimama mlangoni.

"Mama. Nilijua."

"Ulijua nini, mwanangu?"

"Kwamba haukuingia. Niliuona ubao unaongeza pointi. Nikanyamaza."

Merle akafuta mikono. Hakumkemea. "Mimi nami," akasema, "nilijumlisha mara tatu, nikiomba nimekosea."

Walilia, kisha wakala. Colin ndiye aliyepika.

Msimu uliofuata vilabu vya ligi nzima viliomba Merle ndiye asimamie takwimu za fainali zao zote, hata Tai wanapocheza. Hakuna aliyepinga. Wageni wale wa pwani ndio waliotangulia kuomba. Na miaka minne baadaye Tai walichukua kombe, kwa pointi tisa. Merle alihakiki karatasi kwanza, ndipo akapiga vigelegele.

Magoti ya Jodie yalipomshinda, aliketi kando ya mama yake, akaita namba, mama akaandika. Jumamosi iliyopita, siku nne baada ya msiba, mezani walikuwapo Jodie na binti anayeanza kazi hiyo, ambaye Jodie alikuwa akimfundisha. Tulimwuliza Jodie kwa nini hakupumzika. Akajibu, "Mechi ilikuwapo."

Kwa mzee Colin, kwa Jodie, na kwa Tai wote: poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Nanyi wasikilizaji, jiulizeni usiku huu: ukumbi mzima ukishangilia, watu wako mwenyewe wakiwa wamebebwa juu, na wewe peke yako unajua, je, utasimama? Merle Tregenza alisimama. Apumzike kwa amani.