Jina Kwenye Tofali

“Kila tofali lina jina la mtu aliyelichoma,” kijana alisema, na Chepngetich, aliyekaa kiti cha nyuma cha probox, gari dogo la abiria lililotoka Roret, akaacha kusinzia.

Kijana huyo, Okoth, alikuwa amerudi juzi kutoka Nanjing, mji wa China ulio kando ya mto, ambako wafalme walikaa zamani. Alikuwa akimsimulia mzee Kipkirui, mkulima wa chai aliyekutana naye tu garini. “Ukuta unazunguka mji mpaka macho yanachoka. Miaka mia sita, mzee, na majina bado unayasoma!”

“Hiyo si heshima, ni mtego,” mzee akasema. “ Tofali likivunjika wanajua nani wa kushika.”

“Kweli. Lakini hao waliokuwa wakishika watu walishakufa wote. Jina ndilo limebaki.”

Mzee akageukia dirisha, akatazama mashamba ya chai yakipita. Chepngetich naye akasogea mbele asikie vizuri.

“Chai yangu ikishapimwa inamwagwa kwenye lori pamoja na ya wengine,” mzee akasema polepole. “Huko inakonywewa, nani anajua kuna Kipkirui?” Akamgeukia Okoth. “Hebu niambie. Huyo uliyesoma jina lake, aliitwa nani?”

“Nimelisahau, mzee,” Okoth akasema. Gari likasimama kituo cha Kiptere.