Cornel Nduwayo, Mshambuliaji wa Rumonge Anayelala Samuye

Ndugu waombolezaji, familia inaomba utulivu wenu tuyapitie maisha ya mpendwa wetu.

Marehemu Cornel Nduwayo alizaliwa tarehe 9 Mei 1987, Rumonge, nchini Burundi, akiwa mtoto pekee wa Theonest na Paskazia, ambao wote walifariki kabla hajafikisha miaka kumi na mitano. Alisoma shule ya msingi hukohuko hadi mwaka 2000, na baada ya hapo mpira ndio uliomlea.

Tarehe 3 Agosti 2010 alisajiliwa na Radi FC ya Kahama, akafunga mabao thelathini na moja katika misimu mitatu, mengi kwa kichwa, ingawa hakuwa mrefu. Mwaka 2013 alihamia Mwangaza ya Geita, ambako wachimbaji walikuja uwanjani na vumbi la shimoni, wakimtania kwamba kama hafungi leo, kesho wanamshusha duarani, ndani ya shimo la mgodi, akachimbe nao.

Mwaka 2014 alimpenda Vumilia Mabula wa Samuye. Mzee Mabula, baba wa binti, alitaka kujua ni nani atakayesimama kama baba wa kijana, kwa sababu ng'ombe hawapokelewi kutoka kwa mtu asiye na ukoo. Wachezaji wakamteua kipa wao, Enock, mwenye miaka ishirini na mmoja, wakamvika koti la kuazima. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Cornel alipoingia, na Enock, kwa mazoea ya kambini, akainuka akamwambia mwanawe, "Shikamoo, kaka." Wazee waliangua kicheko, lakini Mzee Mabula hakucheka, akawarudisha wote pamoja na ng'ombe wao.

Cornel alisubiri miezi minane. Ndipo kocha wake wa zamani, Gregory Ndaki, mkulima wa tumbaku wa Ushetu, alipokwenda Samuye akasema yeye ndiye baba. Ndoa ilifungwa tarehe 20 Juni 2015, wakajaliwa watoto wawili, Sesilia na Amosi. Hata hivyo, kwa miaka mingi Mzee Mabula aliendelea kumwita mkwewe "yule mgeni", na Cornel aliitika kwa adabu, ingawa neno hilo lilimuuma.

Mwaka 2018 alivunjika goti, akaacha mpira, familia ikahamia Ngokolo, akawa anashona mipira na viatu vya michezo.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Hakuwahi kulalamikia maumivu, bali alimuuliza mkewe jambo moja, tena mara nyingi, kwamba akifa atalazwa wapi, maana hapa hakuna kaburi hata moja la kwao. Vumilia aliona aibu kumuuliza baba yake.

Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Februari 2025. Vijana wa Ngokolo walipofika Samuye kuuliza azikwe wapi, Mzee Mabula alichukua jembe mwenyewe, akawapeleka penye kaburi la mama yake mzazi, akapiga mstari pembeni yake, akasema, "Chimbeni hapa. Huyu ni mwanangu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Ngokolo waliopika na kukesha nasi, wachezaji wenzake wa Kahama na Geita, na Mzee Gregory, ambaye leo amekaa mbele na wazazi.

Baba Sesilia, pumzika kwa amani, uko kwenu.