Pembe Moja ya Udongo: Maisha ya Bibi Tope

Ndugu, jamaa na majirani, haya nimeombwa niyasome mimi mdogo wa marehemu, fundi mwashi. Sauti ikikatika mnivumilie.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Bibi Tope, alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mkabala na karakana ya reli. Alikuwa kifungua mimba wa fundi mwashi na mshona nguo. Mimi nilifuata baada ya miaka sita. Alinibeba mgongoni mpaka majirani wakamwambia, "Mshushe bwana, huyo ana miguu!"

Alianza shule ya msingi mwaka 1966. Mwezi wa kwanza tu alifungiwa nje kwa kuchelewa. Mama alipokwenda kumwombea msamaha alimkuta amechuchumaa kando ya mfereji, anahesabu siafu, hana habari na mlango. Alimaliza sekondari mwaka 1976, na mwaka 1980 akapata cheti cha ualimu wa watoto wadogo.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika chekechea iliyo nyuma ya soko, akakaa hapo miaka arobaini na miwili. Darasa lilikuwa na dirisha moja, kwa hiyo kila asubuhi, jua au manyunyu, aliwatoa uwanjani watoto wa miaka miwili hadi mitano. Kila mmoja alikuwa na shimo lake la kuchimba. Walipanga mawe kwa ukubwa, wakamwaga maji waone yanakokimbilia. Mama mmoja alimjia juu: "Mwalimu, nimemleta mtoto asome, siyo alime!" Akamjibu, "Mama, huyu leo amehesabu mbegu kumi na mbili bila kukosea. Nguo zitafuliwa." Mtoto akianguka, hakumkimbilia. Alimuuliza kwa mbali, "Umeokota nini huko chini?" Mtoto alianza kupapasa, akainuka na kijiwe mkononi, kilio kimeishia hapo.

Mwaka 1985 aliolewa na dereva wa lori, ambaye alimtembelea kazini mara ya kwanza amevaa viatu vyeupe. Akaombwa asaidie kuburuta gogo la watoto. Viatu vile havikuwa vyeupe tena, lakini kesho yake alirudi. Walijaliwa mabinti wawili. Shemeji alitutangulia mwaka 2011.

Mwaka 2019 mwenye shule alichoshwa na malalamiko ya tope, akaamua uwanja umwagwe sementi. Kazi nikapewa mimi. Dada alinijia akasema, "Mdogo wangu, niachie hata pembe moja." Nikamwambia kazi ni kazi, nikipata nafasi nitakuja niivunje hiyo pembe. Nikaufunika wote, inchi nne, kisha nikaupiga niru, ule uji wa sementi tupu wa kulainishia, ukang'aa kama sahani. Fundi yeyote aliyesimama hapa anajua niru haipigwi mahali pa mvua, ikilowa inateleza. Nami nilijua. Nilitaka sifa.

Tangu hapo, kila asubuhi dada alibeba beseni la udongo kichwani kutoka kwake, watoto wapate cha kushika. Tarehe 6 Juni 2023 mvua ilinyesha. Aliteleza na beseni lake pale uwanjani akavunjika nyonga. Kule hospitali aliniambia, "Kuna mtoto wa miaka mitatu alikuja akaniinamia. Akaniuliza, 'Bibi, umeokota nini?' Nikapapasa, mdogo wangu. Udongo wote ulishachukuliwa na maji." Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Kulala chali kulimletea homa ya mapafu. Alifariki tarehe 2 Julai 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Kila siku niliyokwenda kumtazama nilipita pale shuleni, na nyundo ilikuwa kwenye mfuko wa kazi. Nafasi nikasema sina.

Marehemu ameacha mabinti wawili, mmoja nesi na mmoja karani, wajukuu wanne, na watoto thelathini na mmoja wa chekechea, ambao leo wamesimama pale mbele na viatu safi. Ameniacha na mimi.

Dada, watu wanakuombea upumzike, nami naitikia. Mimi kesho asubuhi nakwenda kwenye ile pembe. Pumzika. Udongo sasa unao wote, na mimi ndiye niliyekunyima ule kidogo ulioniomba.