Mkanda Uliopotelea Mizanini

Basi la Filadelfia halijafika hata kituo cha pili, mzee Otis Crandall keshamweleza Bi. Milagros, jirani yake wa kiti, jinsi wakubwa wa ndondi walivyomvua mkanda wa ubingwa wa uzani wa unyoya siku ya kupimwa uzito, kabla hajarusha ngumi hata moja. Mgane akipata msikilizaji hamwachi.

"Mizani yao ilichezewa ionyeshe nimezidi uzito, mama. Wakubwa wa nchi hii ndio zao."

"Hata ulipovua chupi?"

"Nilivua yote! Marehemu mke wangu, Lorraine, akanishikia taulo nisitiriwe."

"Na usiku wa kuamkia kupimwa ulikula nini, babu?"

"Hewa." Otis akatazama dirishani. "Na kipande cha pai ya viazi vitamu. Aliipika Lorraine."

"Kipande?"

"Sahani."

Bi. Milagros akaangua kicheko, abiria wakageuka. "Basi mizani umeisingizia bure! Aliyekuvua mkanda ni mkeo!"

Tangu amzike Lorraine, Otis hajasikia tusi kama hilo. Basi liliposimama akashuka kwa hasira, kisha akarudisha kichwa mlangoni.

"Lorraine hajapata kupika pai nzito maishani mwake! Ni mizani, mama! Mizani ya wakubwa!"

Mlango ukafungwa.