Vidonge vya Ngassa

Kijiwe chetu cha Kagongwa kipo nyuma ya ghala la pamba, kwenye benchi la Kamili muuza kahawa. Wote hapo tuna kiungulia, maana kahawa ya Kamili ingeweza kung'arisha sufuria. Mwaka ule wa themanini na sita Ngassa alipewa hospitali vidonge vya presha vya mwezi mzima, akatuambia hata kiungulia chake kimekwisha. Kwa kuwa hana choyo, kila asubuhi akawa anatugawia. Siku hiyo alimpa Onesmo kimoja. Mimi nilikataa, kwa sababu cha jana kiliniunguza kifua hadi jioni. Ubishi ukaanzia hapo.

Aliyeuanza ni Theonest, tunayemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia zahanati.

— Kwani walikwambiaje, Ngassa?

— Eti vinazuia kalsiamu isiingie kwenye nyama ya mishipa. Mishipa inalegea, presha inashuka.

— Si ndiyo hiyo. Kalsiamu ni ile chokaa ya kwenye maziwa. Tumbo likiikosa halitoi asidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mbona mimi kimenichoma?

— Wewe kimekulegeza mlango wa juu, asidi ikapanda. Umelegea siku nyingi.

Iliniuma. Onesmo, mchimbaji wa Kharumwa, jina la kijiweni Duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, alikuwa akitafuna kidonge chake polepole kama karanga.

— Tumbo ni shimo la dhahabu. Chini kuna pampu ya asidi, chokaa ndiyo dizeli. Kidonge kinaziba njia, dizeli haishuki.

Kamili akadai zuio hilo limefika hadi zizini, ndiyo maana ng'ombe wa Ngassa wamepunguza maziwa.

— Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, Daktari akahitimisha, nasi tukatikisa vichwa kana kwamba tumeelewa.

Hapo akaja Limi, mke wa Ngassa.

— Mwangaluka, wazee.

— Mwangaluka, mama Mbuke.

Alisema mumewe ameamka kichwa kinamgonga, akatoka bila kumeza dawa. Akachukua kopo la vidonge lililokuwa kando ya mumewe, akaligeuza. Hakikudondoka kitu.

— Leo tarehe tisa. Kliniki ni mwisho wa mwezi. Baba Mbuke atameza nini?

Ngassa akatazama kikombe chake. Niliona aibu hadi masikioni.

Onesmo akaacha kutafuna.