Pikapu Mbili na Mke wa Etabo

Ukifika Kakuma mjini na kuuliza, "Wale watu wa kelele wanakaa wapi?", hutazunguka. Utapelekwa moja kwa moja mbele ya duka la simu, kando ya barabara ya Lokichoggio, kwenye ubao wa lori uliolazwa juu ya matairi mawili kuwa benchi, na pembeni yake utamkuta Nyadak, mama wa Sudan Kusini, akipika kahawa yenye tangawizi ya kumtoa mtu machozi. Asubuhi hiyo ya mwaka 2013 ubao ulikuwa umejaa mapema kuliko kawaida. Mbele yake zilikuwa zimeegeshwa pikapu mbili, nyeupe ya petroli na ya kijani ya dizeli, na katikati yake amesimama Etabo, mikono kiunoni, kama bwana harusi aliyeletewa mabibi harusi wawili siku moja.

Etabo alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Aliwanunua kwao Lokiriama, kule mpakani na Uganda, akawaswaga kwa miguu mpaka Kakuma, na kila safari walifika wamekonda hata wanunuzi wakawa wanamcheka. Alichoka. Yeye na mke wake wakauza karibu zizi zima ili wanunue gari moja. Moja tu, nakuambia! Akikosea, mbuzi hana na gari hana.

Mwenye magari, Chepkemoi wa Lodwar, alikuwa ameketi kivulini na kikombe mkononi, wala hakuwa na maneno mengi.

— Chagua, ndugu yangu. Kahawa yangu ikiisha, naondoka. Itakayobaki ina mnunuzi wake Lokichoggio.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Barnabé, Mkongo wa kambi ya wakimbizi. Watu walimwita Injinia tangu siku ile alipoipiga jenereta ya kanisa kwa kiatu, nayo ikawaka.

— Etabo, sikia miye. Kamata ile ya mazutu. Kwetu Kongo motoka ya mazutu inapanda mlima na watu, na mihogo, na nguruwe, na padri juu yake. Ile ya esansi ikiona mlima inaanza kulia.

— Mazutu ndiyo dizeli, na esansi petroli? Etabo akauliza.

— Ndiyo hiyo hiyo. Dizeli ni jina ya shule.

— Malesh, pole Injinia, akadakia Majak. Huyu alikuwa Mdinka mrefu, mwalimu wa kwaya, na aliitwa Kanali ingawa bunduki hakuwahi kuishika. — Hapa Kakuma mlima uko wapi? Hapa iko mchanga tu. Na siku nozeli ya dizeli imeharibika, unatengeneza wapi? Kitale! Lakini petroli iko kila mahali. Hata kwa chupa ya soda pale kwa watu wa boda boda unapata.

— Chupa ya soda! Nusu yake maji!

— Basi si vizuri? Na hii joto, injini haisikii kiu?

Ubao ukatikisika kwa kicheko. Etabo peke yake hakucheka. Moyo wake ulikuwa mwepesi, ukimfuata kila aliyesema mwisho, na sasa macho yalikuwa kwenye ile nyeupe.

— Maze, nyinyi wote mko nyuma, akasema Longor, kijana wa Kiturkana muuza kadi za simu, aliyeitwa Redio kwa kuwa habari alizijua hata kabla hazijatokea. — Si mafuta ilipatikana hapa kwetu mwaka jana? Kuna msee aliiona na macho yake. Ni nyeusi, halafu ni nzito. Kitu nyeusi na nzito ni nini? Ni dizeli! Petroli ni nyepesi, hiyo ni ya wageni. Nunua dizeli, buda. Mwaka ujao unaenda tu na mtungi, unachota kama maji ya bomba.

— Na uchafu yake? Kanali akauliza.

— Unachuja na leso.

— Leso ya nani?

— Ya Nyadak!

— Jaribu uone, Nyadak akasema, akiinua mwiko.

Macho ya Etabo yakarudi kwenye ile ya kijani. Kanali akasogea mbele ya ubao, ishara kwamba sasa anaingia kwenye mambo mazito.

— Tuache injini, tuongee mbuzi. Petroli harufu yake ni tamu. Mbuzi inanusa kutoka Lokiriama mpaka hapa, inalewa kidogo. Ikilewa, haina mawazo. Na mbuzi bila mawazo inanenepa njiani.

— Inanenepa bila kula? Redio akashangaa.

— Wewe hujaona wakubwa wa mashirika? Wanakaa kwa gari asubuhi mpaka jioni, na angalia tumbo!

Hapo hata Chepkemoi alicheka, kahawa ikamwagika kidogo, na Etabo akaiona inavyopungua.

— Weye Kanali, iko unadanganya baba ya watu, Injinia akasema. — Moshi ya mazutu inaingia kwa mbuzi polepole, inakausha nyama wakati mbuzi ingali inatembea. Ukichinja, nyama iko tayari ya kukausha. Unauza bei ya juu kabisa!

— Na radi haipigi dizeli, Redio akaongeza. — Hiyo ni sayansi. Dizeli haina plagi. Radi ikishuka huwa inatafuta plagi.

— Wewe, hapa mvua inanyesha lini? Nyadak akamuuliza.

— Siku ikinyesha, utaniambia.

— Jamani! Etabo akapaza sauti, karibu kulia. — Nimewaomba ushauri, mmenipa homa!

Chepkemoi alitikisa kikombe, akachungulia ndani. Etabo akaweka mkono kwenye boneti ya ile nyeupe. Akautoa. Akauweka kwenye ya kijani. Akautoa tena.

Wakati huohuo lori la mifugo kutoka upande wa Lodwar likasimama barabarani, na kutoka juu kabisa akashuka mwanamke mwenye shanga mpaka kidevuni na vumbi mpaka kwenye nyusi.

— Ejok, akawasalimu.

— Ejok noi, mama, wakaitikia wote.

Etabo akaacha magari, akamkimbilia. Alikuwa Asekon, mke wake, ambaye yeye alimwacha nyumbani Lokiriama na watoto.

— Wewe! Umefuata nini huku?

— Nimekuja kuona mbuzi wetu wamegeuka kuwa nini.

Watu wa ubaoni hawakumpa hata nafasi ya kufuta vumbi. Walimweleza wote kwa pamoja: mlima na padri, nozeli na Kitale, mtungi, mbuzi mlevi, radi na plagi. Asekon aliwasikiliza kwa adabu, akinywa kahawa aliyopewa na Nyadak. Walipoishiwa pumzi, akazitazama zile pikapu, moja baada ya nyingine.

— Sawa. Na ni gani nitasikia ikiwa bado mbali?

— Kusikia? Kanali akauliza.

— Huyu miaka yote anakuja na miguu. Sijui siku, sijui saa. Nashtukia tu mtu amesimama mlangoni. Chai hakuna, watoto wako kisimani, mimi mwenyewe nywele iko ovyo. Akilala, asubuhi ameenda. Sasa kama ni gari, mimi nataka nijue anakuja.

Redio akajifanya anahesabu kadi zake. Ubao ule, ambao haujawahi kushindwa na swali lolote la duniani wala la mbinguni, leo ukawa umepatikana. Mambo ya barabarani waliyajua yote, lakini kukaa nyumbani kumngojea mtu hakuna aliyewahi.

— Hiyo, Kanali akasema taratibu, — hiyo hatukusoma.

Chepkemoi akamwaga machicha ya kahawa chini, akasimama.

— Mnabishana nini wakati magari haya hapa? Mama, shuka pale mtoni, utupe mgongo. Ukisikia, inua mkono.

Mto Tarach ulikuwa umekauka, mchanga mtupu. Asekon akaenda kusimama katikati yake, akawapa mgongo. Chepkemoi akaipeleka ile nyeupe mbali, akageuza, akarudi nayo. Ilikuja kwa heshima zake, laini, mpaka ikamfikia karibu na visigino, na Asekon aliposhtuka aliruka pembeni akaitukana kwa Kiturkana. Watu wa ubaoni wakaanguka kwa kucheka. Injinia alilazimika kushikiliwa.

Kisha ikawa zamu ya ile ya kijani, na Etabo akashika usukani mwenyewe. Akaenda nayo mbali, mpaka watu wakaonekana wadogo, akaizima. Akavuta pumzi. Akazungusha ufunguo, injini ikakohoa, ikanguruma, kiti kikatetemeka chini yake. Alikuwa hajaingiza hata gia alipouona mkono wa Asekon umeinuka juu, kule mbali.

Halafu Asekon akageuka. Akafuta uso kwa ncha ya shuka, akazipanga shanga zake shingoni, akasimama kwa ncha za vidole akitazama upande wake. Miaka yote hiyo ya kwenda na kurudi, Etabo hakuwahi kumwona mke wake akimngojea. Akacheka kwa furaha, peke yake mle ndani.

Akaingiza gia ya kwanza, akaenda polepole, makusudi, ili asifike upesi.